Usinunue Laptopu Mpya Juu ya Kibodi cha Dola 4

Kuna swali huulizwa sana na watu wanaotaka kuanza kucheza na maikrokontrola: “Ninunue laptopu gani?” Jibu langu ni moja tu. Usinunue. Anza na hiyo uko nayo. Na sisemi hivi kukufariji, historia yenyewe ndiyo inasema.

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, kama ile iliyo kwenye rimoti ya TV. Haina skrini wala kibodi, kwa hivyo programu yake unaiandika kwenye kompyuta nyingine, kisha unaihamisha. Hapo ndipo watu walikuwa wanafungiwa nje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chipu nyingi za majaribio zilikuwa na kidirisha cha kioo juu. Ukikosea mstari mmoja, unaichomoa, unaiweka chini ya taa ya urujuanimno hadi ifutike, ndio uandike upya. Mwaka 1992 kampuni ya Parallax, Marekani, ikatoa BASIC Stamp. Hii ilikuwa rahisi kwa anayeanza, lakini ilitaka uwe na kompyuta ya DOS, na baadaye Windows.

Sasa twende Ivrea, Italia. Massimo Banzi alikuwa akifundisha wanafunzi wa usanifu. BASIC Stamp na vifaa vyake iligharimu kama dola 100, na wanafunzi wengi walikuwa na Macintosh. Yaani unalipa pesa yote hiyo, halafu bado kompyuta yako haitakikani!

Mwaka 2003 mwanafunzi wa hapo kutoka Colombia, Hernando Barragán, alianza mradi uitwao Wiring. Alitumia mazingira ya kuandikia ya Processing, yaliyoanzishwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001, pamoja na kompaila ya bure ya GCC. Vyote viliendeshwa kwenye Mac, Windows na Linux. Mwaka 2005 Banzi na wenzake wakajenga Arduino juu ya kazi hiyo, kwa chipu ya bei nafuu zaidi. Jina la Barragán halitajwi vya kutosha, na kwangu hiyo si haki.

Wengi husema Arduino ilishinda kwa sababu ya bei. Bei ilisaidia, sawa. Lakini chipu za bei rahisi zilikuwepo tayari. Mimi naona kilichofungua mlango ni zana za bure zisizobagua kompyuta yako.

Kwa hivyo chagua kwa mpangilio huu: kwanza kompyuta uliyonayo, pili zana zinazokubali kwake, bodi iwe ya mwisho. Laptopu nzee inakwama na Windows? Weka Linux nyepesi, na utumie toleo la zamani la Arduino, 1.8, ambalo halili memori sana. Bodi ikikataa kupokea programu, angalia kama umeruhusiwa kutumia poti ya USB kwenye Linux, na kama kebo yako si ile ya kuchaji simu tu.

Raspberry Pi Pico ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4. Ukiichomeka ukiwa umebonyeza kitufe chake, inatokea kama flashi. Sasa niambie, laptopu mpya ni ya nini?