Liofilizesheni: Kuganda au Kukauka?

Ukikishika kichupa cha chanjo ya surua na rubela kabla hakijachanganywa, hukuti maji ndani. Kuna donge kavu, jepesi, ambalo likitiwa maji yake huyeyuka papo hapo. Wepesi huo ndio uliozaa jina liofilizesheni: asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni hali ya kupenda kuyeyuka. Tafsiri inayokuja haraka kwa Kiswahili ni "ukaushaji kwa kugandisha", nayo ina walakini kwangu.

Kiwandani tafsiri hiyo haina kosa. Kimiminika hugandishwa, kisha hewa huvutwa kwa pampu mpaka barafu igeuke mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Joto dogo huongezwa baadaye kufukuza unyevu uliong'ang'ania. Dagaa wakianikwa juani hujikunja. Donge hili halijikunji, maana barafu ikishaondoka huacha vitundu mahali pake, na maji yakirudi hupenya humo. Virusi vyenyewe hukingwa kwa sukari au jelatini, la sivyo vingi vingekufa njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, alitia peptoni katika chanjo ya ndui kabla ya kuikausha. Ikawa inastahimili joto kali kwa miezi bila kupoteza nguvu. Kampeni kubwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza 1967 ilitembea na unga wa namna hiyo hadi vijiji visivyo na umeme, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliugua 1977.

Tatizo langu ni kitenzi "kugandisha" katika tafsiri ile. Kwa mhudumu wa chanjo, kuganda ni ajali. Chanjo za hepatitisi B na pentavalenti zina chumvi ya alumini. Zikiganda, chembe zake hushikana na chanjo huharibika. Akishuku kuwa kichupa kimeganda, hukitikisa pamoja na kingine kilichogandishwa makusudi, akatazama mashapo ya kipi yanatua upesi. Mtu huyo ukimtajia "chanjo iliyogandishwa", ataitupa, au mbaya zaidi, atadhani nyingine nazo zinafaa kutiwa kwenye friza.

Kwa hiyo kazi ya kiwandani naiita "ukaushaji baridi", ikae jirani na "mnyororo baridi", yaani utunzaji wa chanjo katika baridi njia nzima, ambao wahudumu wanautaja kila siku. Kilichomo kichupani kiitwe tu chanjo ya unga. Maji ya kuchanganyia nayo yasiwekwe kwenye friza, chupa itapasuka. Hupozwa kwenye friji kabla ya kutumika. Chanjo ya surua na rubela ikishachanganywa, inayobaki baada ya saa 6 humwagwa, hata kama kichupa kina dozi kadhaa na akina mama bado wako foleni.