Mwambao na Uchaguzi wa 1963

Ewe msomaji, ukisimama kivukoni Likoni ukaitazama Mombasa ng'ambo, kumbuka kwamba ukanda huu wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, nao Waingereza waliutawala kwa mapatano ya 1895. Kabla ya uchaguzi wa Mei 1963 watu wa pwani hawakuwa na shauri moja. Wako waliotaka mwambao ujitawale. Wamijikenda wengi walimfuata Ronald Ngala wa KADU, aliyetaka majimbo. Na wafanyakazi wengi waliotoka bara walielekea KANU. KANU ilishinda nchini, KADU ikashika Jimbo la Pwani. Mwaka 1964 KADU ilijivunja. Lakini hofu ya wachache kumezwa na wengi haifutwi kwa sheria. Ipime kwanza, ndipo uwahukumu waliokuwa nayo.