Kaniki Iliyorudishwa na Bi Harusi

Juzi bi harusi mmoja hapa Rutamba alinirudishia kaniki niliyomwekea kwenye begi lake. "Dada, hii si nguo ya watumwa? Mama mkwe atanionaje?"

Sikumlaumu. Karne ya 19 merikebu za Salem, Marekani, zilijaza pwani yetu kitambaa kinene cha pamba, kikaitwa merikani. Watumwa walivishwa hicho, au hichohicho kikitiwa nili hadi kiwe cheusi, ndiyo kaniki.

Kisha wanawake wa Zanzibar wakaanza kukigonga mihuri. Hapa ndipo mimi fundi roho inaponidunda. Kibao kinachongwa ua, kinachovywa rangi, kinagongwa, kinasogezwa, kinagongwa tena mpaka pindo lizunguke. Mkono ukiteleza kidogo tu, maua hayakutani kwenye pembe, na rangi ikishaingia hairudi! Baadaye viwanda vya Uingereza, Uholanzi na India vikaichukua kazi hiyo, na kanga zikaja kwa marobota.

Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wengi waliopata uhuru waliacha merikani na kaniki wakajifunga kanga, waonekane waungwana. Kwa hiyo bi harusi wangu aliona haya ileile waliyoiona wao.

Nimembadilishia, nimempa doti mbili za kanga. Ila nimenunua merikani yadi mbili, nimechonga muhuri wa korosho, na gome la mkoko kutoka Lindi mjini liko jikoni linachemka.