Barua ya Mwenyekiti

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 uliuweka Mkoa wa Katavi juu ya mikoa yote ya Tanzania kwa mimba za utotoni. Katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta Katavi imeteremka hadi 34, na Songwe ndiyo inaongoza. Kuteremka huko ni jambo la kushukuru. Lakini 34 katika 100 bado ni msichana mmoja kwa kila watatu, na kila kikao kinachokaa kulijadili hilo huinuka na azimio lile lile: wadau washirikiane. Mimi nauliza, wanaposhirikiana wanashirikiana katika nini? Inyonga kuna ushirikiano mwingi sana, na sehemu yake ndiyo inayomwangusha binti.

Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 pamoja na mkoa wenyewe wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya Wakonongo, ndugu wa karibu wa Wanyamwezi, nchi ya misitu ya miombo, asali na tumbaku. Wasukuma nao wamehamia na mifugo yao, wakafungua mashamba na kujenga miji yao mbali na ofisi ya kijiji. Mrina asali akiingia porini msimu wa kurina hukaa kambini siku nyingi. Familia ya mkulima wa tumbaku humalizika nguvu bani, kwenye kukausha. Mfugaji hufuata malisho. Kila kazi kati ya hizo huwaacha watoto mikononi mwa mtu fulani, na kwa karne nyingi mtu huyo amekuwa ni ndugu.

Tuanze na ukoo, maana ndio ulinzi mkongwe kuliko wote. Katika mila za Kinyamwezi mahari ndiyo iliyoamua mtoto ni wa nani. Mume aliyetoa mahari, watoto walikuwa wa ukoo wake. Asiyetoa, watoto walibaki kwa wajomba zao, na baba aliyewataka alilazimika kuwakomboa kwa mali. Utaratibu huo ulikuwa na heri moja kubwa: hapakuwa na mtoto asiye na kwao. Hata aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa na wajomba wenye wajibu wa kumlisha. Ila utaratibu huo huo ulimhesabu baba wa binti, wala si binti mwenyewe, kuwa ndiye aliyekosewa pale binti alipopewa mimba. Wazee wa pande mbili walikaa, wakataja idadi ya ng'ombe au mbuzi, wakala pamoja, shauri likaisha. Yule binti hakuulizwa neno, kwa sababu shauri halikuwa lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja ulinzi wa namna nyingine, sungusungu, kutoka vijiji vya Kahama na Nzega vilivyochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Wasukuma na Wanyamwezi waliohama waliubeba kokote walikokwenda, na mwaka 1989 sheria ikautambua. Hapa hukumu ilitoka kwenye ukoo ikaingia mikononi mwa kijiji kizima. Yowe likipigwa kila mwanaume hutoka, na asiyetoka hutozwa faini. Anayekaidi hutengwa, hapewi hata moto. Nautaja mfumo huu pamoja na makosa yake, na mengine yalikuwa mazito, kwa sababu unathibitisha kwamba vijiji hivi vikiamua jambo lisifichwe, halifichiki. Ng'ombe akipotea usiku, kufika alfajiri nyayo zake zimeshafuatwa. Binti akitoweka darasani, wiki hupita na watu wakisalimiana tu.

Juu ya tabaka hizo mbili Serikali imejenga la tatu. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaitwika mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda na kustawisha mtoto katika eneo lake, na kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka hiyo. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, ukaunda kamati za ulinzi kuanzia kijiji hadi taifa. Humo huketi mtendaji, ofisa ustawi wa jamii, mtu wa afya, mwalimu, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na viongozi wa dini. Kwa asiyetaka kuonekana akiingia ofisini, ipo simu 116, ya bure.

Wazo la kuziweka idara zote meza moja halikuzaliwa kwetu tu. Uingereza imelifanyia kazi kwa miaka mingi, na mara nyingi lilipopata nguvu mpya, chanzo kilikuwa kifo cha mtoto. Kifo kilichobadilisha mengi zaidi ni cha Victoria Climbié, na kisa chake kingeeleweka Inyonga bila mkalimani. Wazazi wake, huko Ivory Coast, walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Nani hapa hajawahi kupeleka au kupokea mtoto wa ndugu kwa ahadi kama hiyo? Shangazi huyo alipita naye Ufaransa, akafika London mwaka 1999, na yeye na mwanaume aliyekuwa akiishi naye wakamtesa mpaka akafa Februari 2000 akiwa na miaka 8. Mwili wake ulikutwa na majeraha 128.

Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulitoa taarifa yake Januari 2003. Ulikuta kwamba Victoria alikuwa amepita mbele ya ofisi za ustawi za halmashauri nne, vitengo viwili vya polisi na hospitali mbili. Angalau mara 12 palikuwa na nafasi ya kumwokoa. Daktari aliona alama za mwilini, ofisa wa ustawi alijua jina na anwani, polisi alikuwa na mamlaka ya kumwondoa. Wote hao hawakukutana juu ya mtoto mmoja. Ndipo Sheria ya Watoto ya mwaka 2004 ikalazimisha kila eneo kuwa na bodi ya ulinzi wa watoto, na sheria ya mwaka 2017 ikaziondoa bodi hizo na kuwakabidhi wajibu wadau watatu kwa pamoja: halmashauri, polisi na mamlaka ya afya. Dawa ya Waingereza, kwa kifupi, ni kukusanya habari zilizotawanyika.

Hapo ndipo ninapoona tunaiga bila kupima. Sisi Inyonga hatuna upungufu wa habari. Mtoto wa London alizungukwa na watu wasiojuana. Binti wa Utende au Ilunde, huku kwetu Mlele, anazungukwa na watu wanaomjua hadi jina la bibi yake. Mimba yake inajulikana kisimani kabla haijajulikana zahanati. Tazama kinachotokea akifika huko zahanati. Utaratibu wa kliniki nchini unamtaka mjamzito aje na mwenza wake, wapimwe pamoja. Binti wa miaka 15 hawezi kuja na mwanaume aliyempa mimba, kwa hiyo mara nyingi anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti anaandika kwamba fulani ni mkazi wake na mwenza wake hayupo, anagonga muhuri. Muuguzi anaipokea, anajaza umri kwenye rejista, 15, na anamfungulia kadi. Idara mbili za umma zimeshirikiana bila kasoro. Zimepashana habari kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri, na hakuna hata moja iliyotoa taarifa ambayo kifungu cha 95 kinaidai.

Simlaumu muuguzi. Akimfukuza binti kwa kukosa barua, atajifungulia nyumbani. Akipiga simu polisi, kesho atakutana na familia hiyo kwenye foleni ya chanjo, na keshokutwa msibani. Mwenyekiti naye ni wa kuchaguliwa, na mjukuu wake ameoa upande ule. Pengine wakati barua inaandikwa wazee walikuwa wameshakaa, ng'ombe wameshatajwa, na yeye alikuwa shahidi. Kisha mtu huyo huyo anaitwa kwenye kamati ya ulinzi kueleza hali ya ukatili kijijini kwake. Kamati tuliyoijenga kwa mfano wa mahali ambapo watu hawajuani imejaa watu wanaojuana kupita kiasi, na kupatana kwa familia kunapata kiti ndani yake.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akiwa ameridhia, isipokuwa kama ni mke wa mwanaume huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Ziunganishe hizo mbili, utaelewa kwa nini wazee wana haraka ya mahari: mahari ikipokelewa, kosa la jinai linavaa nguo ya harusi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliviona vifungu vya umri wa ndoa vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, na miaka mingine nyuma yake, vifungu vikiwa palepale. Hili ni deni la Bunge, na kamati ya kata haiwezi kulilipa.

Uganda inatupa mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Tangu sheria yao ya watoto ya miaka ya 1990, kila baraza la kijiji lina mjumbe mmoja aliyekabidhiwa mambo ya watoto. Naye ni jirani, naye ana wajukuu waliooa upande ule. Hata hivyo naupenda mpango huo kwa jambo moja: wajibu una jina. Kamati ikinyamaza, hakuna aliyenyamaza. Mjumbe wa watoto akinyamaza, anajulikana.

Lakini nisiwapambe mno wenye ofisi. Huko huko Uingereza, mwaka 2020, Arthur Labinjo-Hughes wa miaka 6 na Star Hobson wa miezi 16 waliuawa majumbani mwao, miaka 20 baada ya Victoria. Safari hii ndugu walisema. Bibi yake Arthur alitoa taarifa za michubuko. Jamaa za Star walirudi tena na tena. Taarifa ya kitaifa ya mwaka 2022 ilikubali kwamba sauti za ndugu hazikupewa uzito uliostahili. Kwao ukoo ulisema na ofisi haikusikia. Kwetu ofisi ingesikia, ukoo hausemi. Bibi wa Kikonongo anayejua kila kitu ndiye hazina tuliyo nayo, na hatasema mpaka ajue kwamba atakayemsikiliza si mwana wa jirani yake. Kwa hiyo ningetaka taarifa ya mimba ya mtoto itoke zahanati moja kwa moja kwa ofisa ustawi wa wilaya, bila kupitia mikono ya mwenyekiti, na iwe sehemu ya kawaida ya kujaza rejista. Hivyo hakuna muuguzi atakayeulizwa kwa nini kamshtaki fulani.

Jingine la haraka ni kalenda ya shule. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Ukali huo unamfuata binti akiwa darasani tu. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo daftari la mahudhurio limefungwa, orodha ya waliochaguliwa haijabandikwa au jina lake halimo, na hakuna mwalimu anayemwita kila asubuhi. Mvua zinaanza, mashamba yanalimwa, na wazee wanapata nafasi ya kukaa. Mwalimu mkuu ana majina yote, yameandikwa kwa ajili ya mtihani. Nakala moja ikifika ustawi Inyonga wiki ile mtihani unapoisha, kuna mtu atakayeweza kuuliza, Novemba, kila mmoja wao yuko wapi.