Magadi: neno moja, chumvi mbili

Sokoni Karatina, ukiagiza magadi ya kulainishia githeri, unapewa vipande vya kijivu vilivyofungwa kwa karatasi. Neno hili ndilo lililolipa jina ziwa zima kule Kajiado, lakini kamusi hulipitia mbio. Magadi ghafi, yaani trona, ni chumvi mbili zilizogandana: kabonati na bikabonati ya sodiamu. Zote ni wana wa asidi ya kaboni, yenye protoni mbili za kutoa. Ya kwanza huachiliwa karibu na pH 6.3, ikabaki bikabonati. Ya pili ni bahili, hung'ang'ania hadi karibu 10.3, ndipo tupate kabonati.

Yeyusha magadi kwenye maji, kamulia ndimu tone kwa tone huku ukikoroga. Mwanzoni kimya: kabonati inapokea protoni moja tu. Endelea, bikabonati nayo ikipokea yake, povu linafoka. (Asidi ya ndimu ina protoni tatu. Tuiache leo.)

Ningependa ile poda nyeupe ya keki iitwe bikabonati, "magadi" libaki kwa mchanganyiko huu. Muuzaji wangu hakubali. "Magadi ni magadi, kijana wangu. Tia kidogo, isije githeri ikanuka sabuni."