Dakta Grüntzig na Puto Lake

Ndugu Mhariri amenitaka nichangie makala ya historia itakayowafaa wanafunzi wa zamani pamoja na vijana walioko madarasani sasa. Kazi yangu tangu nilipomaliza masomo imekuwa ufundi wa vyombo vya hospitali, na kila nikutanapo na vijana wetu huniuliza swali lile lile: je, mtu achague udaktari ama uhandisi? Leo nitawaeleza habari za mtu mmoja aliyeshika yote mawili. Tena yafaa tuangalie si werevu wake tu, bali na jinsi alivyotoa hesabu ya kazi yake mbele ya watu.

Andreas Grüntzig alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1939. Alisoma sekondari Leipzig, akahamia upande wa Magharibi, na akamaliza udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1964. Mwaka 1969 alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, na huko ndiko alikofanya makubwa yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba hakuanza bila kitu. Tarehe 16 Januari, 1964, mjini Portland, Marekani, Dakta Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 ambaye mshipa wa damu wa mguu wake ulikuwa umebanwa hata mguu ukaanza kuoza. Bibi huyo alikuwa amekataa katakata kukatwa mguu. Dotter alipitisha mpira mwembamba, ambao madaktari huuita katheta, mpaka penye kizuizi, kisha akapitisha juu yake mwingine mnene zaidi. Njia ikapanuka, damu ikashuka, na bibi akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki. Madaktari wengi wa Marekani hawakuijali habari hiyo, lakini huko Ujerumani walikuwapo walioifuata, na kwao Grüntzig akaijua.

Aliipenda, ila aliona kasoro yake. Njia haikuweza kupanuka kupita unene wa mpira uliopitishwa, na kadiri mpira ulivyokuwa mnene ndivyo tundu la kuuingizia mwilini lilivyokuwa kubwa. Grüntzig akawaza: je, hakiwezi kupatikana chombo kinachoingia chembamba, kikavimba kikifika mahali pake, kisha kikanywea na kutolewa?

Jibu lilikuwa puto, lakini si puto lolote. Mwanafunzi aliyewahi kupuliza puto la mpira anajua kwamba huvimba kule linakopata nafasi. Likiwekwa ndani ya mshipa uliobanwa, litavimba mbele na nyuma ya kizuizi, na katikati litabaki na kiuno kama cha nyigu. Alilohitaji ni puto lenye umbo la soseji, linalofikia kipimo chake na kukataa kuzidi hapo hata hewa au maji yakisukumwa kwa nguvu. Profesa wa kemia aliyekwisha staafu, Heinrich Hopff, ndiye aliyemwelekeza kwenye plastiki ya PVC, ndugu ya ile tunayoiona katika mabomba ya maji na maganda ya nyaya za umeme. Basi jioni baada ya kazi, mezani pa jikoni nyumbani kwake, yeye na msaidizi wake Maria Schlumpf walikaa wakipasha plastiki moto, wakikata, wakibandika kwa gundi na kufunga kwa uzi.

Februari 1974 alilitumia puto hilo kwa mara ya kwanza katika mshipa wa mguu wa mgonjwa. Kisha akaukabili moyo, ambao mishipa yake ina kipenyo cha milimita 3 hivi. Ilimpasa alipunguze puto, na mpira wake aupe njia mbili: moja ya kujazia puto, ya pili ya kupimia msukumo wa damu. Alijaribu kwa mbwa, akaonyesha matokeo Marekani mwaka 1976, na wengi wakatikisa vichwa.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 16 Septemba, 1977, mjini Zurich. Mgonjwa alikuwa mtu wa miaka 38 mwenye maumivu makali ya kifua, aliyekuwa asubiri kupasuliwa. Wapasuaji walikaa tayari kwa lolote. Grüntzig aliingiza katheta kwa mshipa wa paja, akaifikisha moyoni, akalijaza puto mara mbili. Mshipa ukafunguka na maumivu yakatoweka. Mgonjwa alikuwa macho muda wote. Alipopimwa tena miaka 10 baadaye, mahali pale palikuwa bado wazi.

Watu wengi huishia hapa, katika ile meza ya jikoni na ule mshipa uliofunguka. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilifuata. Mwaka 1979 Grüntzig na wenzake walitangaza katika jarida la madaktari la New England hesabu ya wagonjwa wao 50 wa kwanza. Waliofanikiwa walikuwa 32. Watano hali yao iliharibika ghafla, ikabidi wapasuliwe kwa dharura. Waliandika pia kwamba kati ya wagonjwa waliostahili kupasuliwa moyo, wanaofaa kwa puto huenda wasizidi 10 hadi 15 katika kila 100, na kwamba ulihitajika uchunguzi wa kulinganisha tiba hizo mbili. Fikirini: mtu ameshangiliwa mkutanoni, kila hospitali inamtaka, naye anachapisha idadi ya walioshindikana!

Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1978 aliwaita madaktari Zurich wamwone akifanya kazi, picha zikionyeshwa kwa televisheni ukumbini wakati ule ule. Likiharibika jambo, liliharibika mbele ya macho yao. Mwaka 1979 Marekani ikafungua daftari la pamoja la kuandikia wagonjwa waliotibiwa kwa puto, na kasoro zikajulikana mapema. Kubwa kuliko zote ni kwamba mishipa mingi iliyofunguliwa ilibanwa tena katika miezi michache. Kwa kuwa kasoro haikufichwa, wengine walipata pa kuanzia. Dakta Julio Palmaz, mzaliwa wa Argentina, alimsikia Grüntzig akihutubia mwaka 1978, akaanza kufikiri juu ya kijibomba cha waya wa kuushikilia mshipa usirudi. Mwaka 1986 vijibomba vya namna hiyo, ambavyo leo huitwa stenti, vilianza kuwekwa katika mioyo ya watu huko Toulouse, Ufaransa, na Lausanne, Uswisi.

Grüntzig hakuiona siku hiyo. Alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, mwaka 1980, na tarehe 27 Oktoba, 1985, ndege yake ndogo aliyoirusha mwenyewe ilianguka katika jimbo la Georgia. Alifariki pamoja na mkewe. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Kazi yake imetufikia. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, mishipa ya moyo huzibuliwa kwa puto na stenti, na mgonjwa hahitaji kupasuliwa kifua.

Vijana wetu, someni bayolojia, na mkono wako pia uzoee gundi, uzi na kipimo. Lakini katika daftari la maabara, jaribio lililoshindikana liandikwe kwa wino ule ule wa lililofaulu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Grüntzig imefika kwetu kwa sababu aliyeanza kuipita aliwaonyesha wenzake na mashimo yake.