Stresi kwa wanafunzi wa udaktari: inatoka wapi, na familia inaweza kusaidia namna gani

Kwetu Lualaba, mtoto akipata nafasi ya kusomea udaktari, ni furaha ya familia yote. Siku ile ile wanaanza kumuita "Dokta". Jina hilo ni la heshima, lakini ni muzigo pia: anayeitwa dokta mbele ya kumaliza hata mwaka wa kwanza, anaogopa kusema kama ameshindwa ao amechoka.

Inatoka wapi

Watoto wa Nzilo, Kolwezi ao Fungurume wengine wanasomea hapa karibu, UNIKOL. Wengine wanaenda UNILU, Lubumbashi, karibu kilometa 300 kutoka Kolwezi. Masomo yanachukua miaka 6 ao 7, na ukirudilia mwaka, inaongezeka. Mwanzoni muzigo ni wingi wa masomo: anatomia, fiziolojia, biokemia, na mitihani ya kujibu kwa mdomo mbele ya profesa. Kisha inakuja staji: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Pale ndipo wengi wanaona kwa mara ya kwanza mgonjwa akifa mbele ya macho yao. Usiku wako gardi, asubuhi wanatakiwa kuwa oditwari. Juu ya hayo kuna minervali, kodi ya nyumba, chakula, na umeme unaokatika usiku wa kujitayarisha kwa mtihani.

Mwilini inafanya nini

Stresi kidogo si mbaya: moyo unapiga mbio, akili inaamka, mtu anasoma. Ubaya ni pale haiishi. Usingizi unakimbia, kichwa kinauma, tumbo linasumbua, mtu anakasirika bure na kujitenga na wenzake. Mwaka 1997, watafiti wa Australia walionyesha kama mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi sawa na mwenye gramu 0,5 ya pombe kwa litri moja ya damu. Basi uchovu wa mwanafunzi wa staji unamgusa na mgonjwa.

Wengi wananyamaza

Mwaka 2016, gazeti la udaktari la Marekani, JAMA, lilitoa utafiti uliokusanya habari za wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120.000 katika nchi zaidi ya 40. Kwa kila 100, karibu 27 walikuwa na dalili za depresyo, na karibu 11 walipata kufikiria kujiua. Lakini kati ya wenye dalili, karibu 16 tu kwa 100 walitafuta matibabu. Haya inawazuia. Watu wanasema munganga hagonjwake, na yeye mwenyewe anaanza kuamini.

Lakini kiapo cha wanganga chenyewe hakisemi hivyo. Oktoba 2017, kule Chicago, Chama cha Wanganga Duniani kiliongeza neno katika Tangazo la Geneva la 1948: munganga anaahidi kuchunga na afya yake mwenyewe, ili aweze kutunza wagonjwa vizuri.

Nini inasaidia

Kwa mwanafunzi: kulala, kula, kusoma kwa kikundi, na kuongea na wakubwa wa promosyo za mbele ao na asistanti anayemwamini.

Kwa wazazi na yaya zake: musiulize tu "Ulipata ngapi?" Ulizeni pia "Unalala? Unakula?" Kurudilia mwaka si laana, wala si kazi ya mulozi.

Huzuni ikipita wiki mbili, aende kwa munganga. Lubumbashi kuna Kituo Dokta Joseph Guislain, kinachotunza magonjwa ya akili. Kwenda pale si kusema mtu ana wazimu. Na kama anaongea mambo ya kufa, musimwache peke yake hata usiku moja, mumpeleke lupitalo siku ile ile. Mwaka wa masomo unarudiliwa; mtoto akipotea, harudi.